Mlinzi Naye Aulizwe

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanachama wa tawi



Wiki iliyopita tulipokea maombi ya vijana wa tawi. Wanataka chama kiwape virungu, filimbi na tochi wapate kulinda mtaa usiku, maana wizi umezidi. Maombi haya ni ya haki. Mama anayeamka alfajiri akakuta kuku, jiko na sufuria vimekwenda, hawezi kushiba kwa maneno ya mkutanoni. Lakini kabla ya kugawa hata rungu moja tumeona ni wajibu wetu kukumbushana mambo, maana kulindana si jambo geni katika nchi hii, na makosa yake pia si mageni.

Polisi tuliyemrithi hakuletwa kulinda kuku wa mtu. Waingereza walipounda Jeshi la Polisi la Tanganyika mwaka 1919, makao yake yakiwa Lushoto, hawakuiga polisi wa kwao London, aliyetembea mitaani bila bunduki tangu 1829. Makoloni yalipewa mfano wa Ireland, nchi iliyotawaliwa kwa nguvu: askari mwenye silaha, anayekaa kambini mbali na raia na kungoja amri kutoka juu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda serikali. Na kabla yao Wajerumani walikuwa na kiboko chao, hamsa ishirini, ambacho wazee walikisimulia hata wajukuu wakajua hesabu yake. Ndiyo maana mtu alipoiona kofia ya askari aliingia porini, hata kama hana kosa lolote.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 tulibadili bendera na maofisa. Je, tulibadili na desturi ya kambini? Tutazame Shinyanga.

Mwaka 1976 watu walikamatwa huko na Mwanza kwa tuhuma za mauaji. Polisi na maofisa wa usalama waliwatesa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa serikali. Serikali hiyo haikuwa ya Bwana Shauri, ilikuwa yetu wenyewe. Habari zilipojulikana, mwanzo wa mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu. Alijiuzulu kwa sababu waliopiga walikuwa chini yake. Wafu hawakurudi, lakini nchi ilijua ni nani wa kuulizwa.

Sasa tubaki huko huko, tusogee mbele kidogo. Vita na Idi Amin vilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilitapakaa na ng'ombe wakawa wanaporwa kwa silaha. Mwanzo wa miaka ya 1980 watu wa Kahama na Nzega wakachoka kungoja polisi. Wakajikusanya kwa pinde na mishale, wakachagua viongozi wao, wakaitwa Sungusungu. Yowe likipigwa kijiji kimoja, kingine kinalipokea, na mwizi anakatiwa njia kabla hajafika mbali. Hawakudai mshahara. Aliyekataa kushiriki alitengwa: haombi moto kwa jirani, hasaidiwi msibani. Kwa mtu wa kijijini adhabu hiyo yaweza kushinda jela. Wizi ukapungua, na viongozi wakubwa wa nchi wakawasifu. Sisi pia tunawasifu kwa hilo.

Lakini Sungusungu hao hao wakaingia katika mambo ya uchawi. Bibi kizee mwenye macho mekundu, wekundu wa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, akatajwa kuwa ni mchawi. Wako waliofukuzwa, wako waliopigwa, na wako waliouawa. Ni nani aliyejiuzulu kwa ajili ya bibi huyo? Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, Sungusungu wakatambuliwa na kupewa madaraka ya kukamata. Kuwapa madaraka kulikuwa kwepesi. Kuwauliza waliyatumiaje ndiko kulikobaki kugumu.

Tuseme na la kwetu, ingawa si tamu. TANU ilipoeneza mashina ya nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, balozi alikuwa mpatanishi wa mke na mume, mpokeaji wa wageni, na pia jicho la chama. Siku zile chama kilikuwa kimoja. Tangu vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, jirani yako aweza kuwa na kadi nyingine, au asiwe na kadi kabisa. Kijana aliyetumwa na tawi letu akimsimamisha jirani huyo saa nne ya usiku, anamlinda au anamchunguza?

Kwa hiyo chama hakitagawa virungu. Tunasikia mnavyonung'unika huko nyuma, na hatukasiriki.

Tunalotaka ni hili. Walinzi wachaguliwe katika mkutano wa wakazi wote wa mtaa, wa kadi zote. Majina yao yabandikwe ofisi ya mtaa, na nakala ipelekwe kituoni. Anayekamatwa asipigwe, na akabidhiwe polisi usiku ule ule. Sheria inamtaka raia afanye hivyo bila kukawia, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtesa mtu au kumwadhibu kinyama. Kila mwisho wa mwezi walinzi wasimame mbele ya mkutano waulizwe.

Mtasema: tukimpeleka kituoni, kesho yuko mtaani anatucheka. Pengine amepata dhamana, na hiyo ni haki yake, siku moja yaweza kuwa yako. Pengine ametoa kitu. Basi tuandike tarehe, saa na jina la askari aliyempokea, twende kwa mkuu wa kituo watu ishirini tukiwa na daftari letu. Mtu mmoja anayelalamika hufukuzwa mlangoni.

Fedha za tochi zitachangwa nyumba kwa nyumba, na sisi viongozi tutatoa kwanza. Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa tisa alasiri. Mlio na majirani wa vyama vingine, piteni kwao leo jioni mkawaalike.