Mwalimu akuje COPA juu yake pia

Wandugu na wadada wa Lubumbashi,

Tangu miaka ya 1990, wazazi njo walikuwa wanalipa mwalimu: ile primu. Mikutano ya COPA ilikuwa ya kupanga franka. Mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ikakuwa bure, vile artikulo 43 ya Katiba inasema. Ni haki ya mtoto, tunaitetea. Lakini primu ikatoka, na walimu wengi, wale NU, wakabakia bila mshahara. Leo mukimuita kwa mkutano, anajiuliza: nitafanya nini kule?

Tunaomba wazazi: neno la kwanza la mkutano likuwe shida ya mwalimu. Barua ya kudai mshahara wake, mzazi atie mkono pembeni yake. Pale atakuja, na mambo ya mtoto tutaongea pamoja.