Maji Baridi Chini ya Kimbiji na Chumvi Inayoyanyemelea



Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa visima virefu vya Kigamboni, wenye uwezo wa kutoa lita milioni 70 kwa siku. Jiji lililozoea kuutazama mto likageukia mchanga wa Kigamboni, huku kwetu Kimbiji, ambao umehifadhi maji mamia ya mita chini ya mikorosho na minazi.

Maji hayo yana jirani, naye ni bahari. Maji baridi ni mepesi kuliko maji chumvi, kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani yanaelea juu yake kama mafuta ya tui juu ya mchuzi. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Pampu zikiishusha ile mita moja, chumvi huanza kupanda kutoka chini na kuingia kutoka pwani. Haiji kwa siku moja. Chai hubadilika ladha, sabuni hukataa kutoa povu, kisha kisima huachwa na mwenyewe huchimba kingine, kirefu zaidi, hatua chache kutoka hapo. Hapo ndipo tunapoiita chumvi kwa mikono yetu.

Visima vifupi vina shida nyingine: choo cha shimo kikiwa karibu, uchafu hupenya mchangani. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu, na tusiache kuchemsha. Lakini hakuondoi chumvi, wala nitrati itokayo vyooni, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa. Maji yakipungua sufuriani, vyote viwili huzidi.

Sioni kosa katika kuchimba; watu lazima wanywe. Kosa ni kuchimba bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na bila kuandika chochote. Kisima ambacho hakijulikani kina chake wala kiasi cha maji kinachovuta hakiwezi kulindwa, na jirani yake pia hawezi kulindwa.

Chumvi nayo tunaweza kuifuatilia wenyewe: kipimo chake ni kidude cha mkononi. Unakitumbukiza kwenye glasi na kusoma namba. Kamati moja ya maji ikiwa nacho, inaweza kupita visima vyote vya mtaa mara mbili kwa mwaka: baada ya masika, na mwisho wa kiangazi kabla ya vuli. Naomba kila mwenye kisima aliyemo ukumbini aandike leo kwenye daftari la kamati mahali kilipo, kina chake na mwaka kilipochimbwa, kabla hatujatawanyika.