Kivuli cha Mtambaazi



Jua la Bonde la Ziwa Rukwa huzifanya baraza zisikalike mchana. Nchi hii inao mmea wa asili ustahimilio ukame, wenye majani manene ya duara: Cissus rotundifolia, jamaa wa mzabibu ulimwao Dodoma. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye pingili. Viachwe kivulini jeraha likauke, kisha vichomekwe katika udongo usiotuamisha maji. Mmea utambae juu ya kichanja cha miti, usiegemezwe ukuta wa matofali mabichi, maana majani hushika unyevu ukuta ukamomonyoka. Ukitanda mno, upogolewe. Watoto waonywe: matunda yake mekundu si zabibu za kuliwa. Apandaye leo ndiye atakayepumzika kesho.