Mwindaji, Mlinzi na Mnyama
(Hotuba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa matangazo, Gulwe, Wilaya ya Mpwapwa)

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na kila kitambaacho na kirukacho. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mlio hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani na mashuleni, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Jambo tutakalolizungumza leo ni ugomvi utokeao porini baina ya watu wawili: yule aendaye kuwinda, na yule aliyepewa, au aliyejipa mwenyewe, kazi ya kuwatetea wanyama. Pengine msikilizaji atauliza, hotuba ya Ijumaa ina nini na digidigi? Inayo sana. Ugomvi huu umekwisha kumwaga damu za watu, na mara nyingi watu hao ni wa kijiji kimoja, na huenda wakasimama safu moja katika sala.

Nasi wa upande huu wa Mpwapwa hatuna sababu ya kujiona tuko nje ya habari hii. Kabla ya reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, misafara ya kwenda pwani ilikatiza Ugogo, na Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri cha kupumzikia. Mzigo wa thamani katika misafara ile ulikuwa ni pembe za ndovu. Uislamu nao ulisogea bara kwa njia hiyo hiyo, pamoja na wafanya biashara na wapagazi, na pamoja na watumwa. Si haki kuificha habari hii kwa kuwa inatuelemea.

Katika vitabu vya Hadithi, na mojawapo ni Al-Muwatta ya Imamu Malik, iko habari ya safari moja ya Mtume (S.A.W.) ambayo ningependa tuisikilize kwa utulivu, kwani pande zote mbili zimo ndani yake. Mtume alikuwa njiani kwenda Makka, hali ya kuwa amehirimia. Walipofika mahali paitwapo Rauhaa walimkuta punda mwitu aliyejeruhiwa. (Punda mwitu ni halali kuliwa, aliyekatazwa ni punda wa kufugwa.) Watu walikuwa msafarini, na kila aliyesafiri kwa miguu anajua nyama ina thamani gani njiani. Lakini Mtume aliwaamuru wamwache, kwani mwenyewe aliyempiga hatakawia kuja. Na kweli alikuja, mtu wa kabila la Bahz, akamtoa mnyama yule kwa Mtume. Naye akamwamuru Sayyidna Abubakar awagawie watu. Kisha wakaendelea na safari yao. Walipofika Uthaya wakamkuta paa amejikunja kivulini, na mshale umo mwilini mwake. Hapo Mtume akamwamuru mtu mmoja asimame karibu na paa yule, asimruhusu yeyote kumsumbua mpaka msafara wote uwe umepita.

Itazameni vizuri habari hii. Kwa punda mwitu, haki ya mwindaji ilihifadhiwa. Umati mzima ulizuiwa kugusa jasho la mtu mmoja ambaye hata hakuwapo. Kwa paa, mnyama alihifadhiwa, akawekewa askari. Ni safari moja, na aliyetoa amri zote mbili ni mmoja. Na yule askari kazi aliyopewa ilikuwa kusimama na kuzuia. Hatusikii kwamba aliongezewa nyingine.

Basi mwenye kusema kwamba Uislamu umeharimisha kuwinda amekosea. Katika Surat Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia wanachokikamata mbwa na ndege tuliowafundisha, tukilitaja jina Lake juu yake. Lakini uhalali huo una mipaka, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Nichukue mfano wa kitanzi cha waya. Mtu hukitega kichakani jioni, akarudi kesho au kesho kutwa. Mnyama ameingia shingo, amevuta usiku kucha, waya umekata ngozi, akafa. Huyo ni mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, na aliyenyongwa ametajwa kwa uwazi katika aya ya 3 ya sura hiyo hiyo miongoni mwa vilivyoharimishwa. Ni nyamafu. Kumpitishia kisu baada ya kufa hakumgeuzi kuwa halali, wala kumkausha, wala kumuuza kwa mtu asiyeuliza. Tena kitanzi hakichagui: hunasa swala mwenye mimba, hunasa mbwa wa jirani, hunasa mnyama usiyemla. Sahaba Adiy bin Hatim alipomwuliza Mtume juu ya mambo ya uwindaji, alifundishwa kwamba hata windo lililopigwa kwa mshale, likikutwa limeanguka majini, lisiliwe, kwani haijulikani kama limekufa kwa mshale au kwa maji. Ikiwa shaka ya maji yatosha kuharimisha, itakuwaje waya ambao hauna shaka yoyote?

Na yuko anayeua kwa mchezo. Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Sahaba Abdullah bin Umar alimkuta kijana mmoja amemfunga kuku akimtupia mishale. Akaenda akamfungua kuku yule, akamchukua yeye na kijana, akawaambia wakubwa wa kijana wamkataze mtoto wao. Huyu, ndugu zangu, ndiye mtetezi wa wanyama aliyekutana na mwindaji hali silaha imo mkononi. Alifanya mambo mawili: alimwokoa mnyama, na aliipeleka habari kwa wenye mamlaka juu ya mtu yule. Katika mapokezi hayo hatusikii kwamba alimpiga kijana wala kumtukana.

Sasa tuyatazame ya zama zetu. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, kisha ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977 na haijaurudisha. Kwa hiyo ndovu wa Amboseli akiwa kwao ni mnyama asiyepigwa risasi, na akivuka mpaka kuja malisho ya Enduimet, chini ya Kilimanjaro, aweza kupigwa na mgeni mwenye kibali. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1994, na ndivyo ilivyotokea tena kuanzia Septemba 2023 mpaka mwaka 2024, walipouawa madume kadhaa wenye pembe kubwa sana. Wahifadhi walipiga kelele kubwa huko Kenya na ng'ambo. Wenye vitalu wakajibu kwamba wanavyo vibali na wamelipa ada. Mimi naona jibu la kibali latosha mbele ya hakimu wa dunia, lakini halitoshi kwa Mwislamu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu katika nchi hizi, hawaruhusu kumla ndovu, wala simba, wala chui. Mtu amekata bahari kuja kuua asichokila, apate kichwa cha kutundika ukutani. Je, huyo tumweke upande wa Adiy bin Hatim, au upande wa yule kijana mwenye kuku? Na wala tusidhani kwamba wafanyao hivyo ni watu wa dini nyingine tu. Mwaka 1992 kitalu cha Loliondo kilipewa kampuni ya kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, na ugomvi wa ardhi ile baina ya wafugaji, wawindaji na walinzi haukukoma. Mwezi wa Juni 2022 askari polisi aliuawa huko kwa mshale na wananchi wakajeruhiwa.

Walinzi wa wanyama nao wameuawa, nasi tuseme bila kuficha kwamba hiyo ni dhuluma. Mwezi wa Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, aliyekuwa akiwasaka majangili kwa helikopta katika Pori la Akiba la Maswa, alipigwa risasi kutoka chini akafariki. Mwezi wa Agosti 2017 Wayne Lotter, raia wa Afrika ya Kusini aliyeshughulika na kuzuia biashara ya pembe, aliuawa jijini Dar es Salaam. Haya yametokea baada ya miaka ambayo hesabu ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Mwenye kununua pembe na mwenye kumwonyesha jangili njia wana sehemu yao katika damu hizo.

Lakini kuwatetea wanyama hakumpi mtu ruhusa ya kumdhulumu mwanadamu. Mwezi wa Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza ili kuwakamata majangili. Nia yake ilikuwa njema. Haukupita muda mrefu ikasimamishwa, na mwezi wa Desemba Kamati ya Bunge ikaeleza habari za raia waliouawa, waliopigwa na kudhalilishwa, na mifugo iliyopigwa risasi. Mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Ndovu hakuagiza kwamba mkulima ateswe kwa ajili yake.

Juu ya jambo hili tuna mwongozo wa Sayyidna Umar bin Khattab, uliopokewa na Imamu Bukhari. Umar alimweka mtumishi wake aitwaye Hunay kuwa mlinzi wa malisho yaliyohifadhiwa. Akamwusia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan; kwani matajiri hao mifugo yao ikifa wanayo mashamba na mitende ya kurudia, bali maskini ikifa yake atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Akakiri kwamba watu hao huona wamedhulumiwa, kwa kuwa nchi ni yao. Fikirini: Khalifa anamwambia askari wa hifadhi awe mgumu kwa mkubwa na mwepesi kwa mdogo, na wakubwa wenyewe ni masahaba watukufu! Nasi twajua ni mara ngapi mambo huwa kinyume, mwenye kitanzi kimoja akafungwa na mwenye ghala la pembe akapeana mikono na wakubwa.

Huko Uingereza nako, tangu mwaka 1963, wako vijana waliojiunga kuwazuia wawindaji mbweha mashambani, wakipuliza baragumu na kumwaga manukato ili mbwa wapoteze harufu. Kijana wa miaka 18 mwaka 1991, na mwingine wa miaka 15 mwaka 1993, walikufa chini ya magari ya wawindaji. Sheria ya kukataza uwindaji ule kwa mbwa ilipitishwa mwaka 2004. Wazazi wale hawakurudishiwa watoto wao.

Basi nawasemesha kwanza ninyi vijana mnaokwenda porini na mbwa. Nyani na nguruwe mwitu wanawala mahindi yenu. Hilo mtu wa mjini anayetazama picha za wanyama halijui, na mna haki ya kulinda mashamba yenu kwa njia inayoruhusiwa. Lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali, na utii kwa wenye madaraka katika jambo lisilo maasi ni wajibu. Ukikutana na askari, weka silaha chini useme ukweli. Panga ukiliinua juu ya mtu kwa sababu ya digidigi, umeuza akhera yako kwa kitoweo cha siku mbili.

Na ninyi askari wa wanyamapori na mgambo wa vijiji: mwanzeni mtu kwa salamu. Mkamateni ikiwa amevunja sheria, mumfikishe kwa polisi akiwa mzima kama mlivyomkuta. Kumfunga mtu kamba na kumpiga kando ya moto ni dhuluma, hata kama kitanzi ni chake. Kuichukua nyama yake na kuigawana, au kupokea fedha ili aende zake, ni haramu iliyo wazi.

Mwisho ni kwenu, mama zetu na wote mnaopika. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori, kwa hiyo nyama hiyo yaweza kununuliwa mchana, mahali panapojulikana. Hata huko ulizeni nani amechinja, au kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa wakati wa kupiga. Ama ile iletwayo usiku mlangoni, imefungwa kwa majani, na aliyeileta hataki taa iwashwe, mwambieni airudishe alikoitoa.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Nanyi mwombeni msamaha. Hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.