Mpungi, Mahari na Hiari ya Mtu Upareni

Katika Milima ya Upare, iliyogawanyika leo baina ya wilaya za Same na Mwanga mkoani Kilimanjaro, mila huzungumzwa mara nyingi kana kwamba zipo kambi mbili tu, ya wazee wanaotaka kila jambo libaki lilivyokuwa na ya vijana wanaotaka yote yaachwe, ilhali historia ya Wapare wenyewe inaonyesha kwamba mila zao zimekuwa zikijadiliwa, zikipingwa na kugeuzwa tangu zamani sana. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kilichapishwa mwaka 1969, aliyachunguza masimulizi ya Ugweno, Pare Kaskazini, yanayoeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowaondoa madarakani Washana, yaani ukoo wa wahunzi uliotukuka kwa ujuzi wa kufua chuma, na jinsi watawala hao wapya walivyoutumia mshitu, yaani jando la wanaume lililofanyika msituni kwa siri, kuwafunga vijana wa koo mbalimbali katika utii mmoja. Hata jando, basi, ambalo wengi hulihesabu kuwa kiini cha mila kisichoguswa, lilipata sura yake kwa uamuzi wa watu waliokuwa na shabaha zao.

Kwa sababu hiyo swali lenye uzito ni nani anayeamua, anaamua kwa niaba ya nani, na anayekataa hutozwa gharama gani.

Mahali ambapo swali hili huonekana waziwazi ni kwenye mpungi, yaani kijisitu kitakatifu cha ukoo. Mtu anayeitazama milima ya Usangi au Ugweno kutoka ng'ambo ya bonde huutambua mpungi upesi, kwani katikati ya migomba, kahawa na mahindi husimama kundi la miti mirefu ya asili, iliyosongamana, ambayo shoka halikuigusa kwa kuwa ilikuwa mwiko kukata kuni humo. Zamani fuvu la mzee wa ukoo lilitolewa kaburini baada ya muda kupita, likahifadhiwa katika mpungi pamoja na mafuvu ya waliomtangulia, na hapo ndipo wazao wake walipokwenda kutambika mvua ilipokosekana au maradhi yalipoingia nyumbani. Tambiko hilo halikuwa suala la imani ya mtu mmoja, kwa maana mtu aliyekataa kushiriki alihesabiwa kuwa amewaweka ndugu zake wote hatarini.

Uzito huo ndio uliowaelemea Wapare wa kwanza waliopokea dini mpya, wakati Walutheri wa misheni ya Leipzig walipofungua kituo Shigatini, Pare Kaskazini, na Waadventista Wasabato walipofika Giti, Pare Kusini, mwaka 1903, huku Uislamu nao ukiingia kwa njia ya wafanyabiashara. Aliyeukataa mpungi alijitenga pia na kikao cha ndugu na chungu cha dengelua, yaani pombe ya miwa ambayo bila yake posa haikukamilika wala wazee hawakuketi. Ushujaa wa watu hao unastahili heshima, na heshima hiyohiyo inawastahili waliobaki, ambao baadaye waliitwa washenzi na wapagani mbele ya watoto wao, kwa kuwa aibu ni shinikizo kama lilivyo tishio la laana, na anayeiacha mila yake kwa kuona haya hajachagua kwa hiari zaidi ya anayeishika kwa hofu.

Dengelua yenyewe inatoa ushahidi kwamba watu wenye nia njema hupata njia. Katika posa za familia za Kiislamu na za Kisabato, ambako pombe ni marufuku, mazungumzo ya mahari huendelea kwa heshima ileile pasipo chungu hicho, soda zikiwekwa mezani mahali pake, na hakuna anayesema kwamba ndoa hiyo si ya Kipare.

Hiari ya namna hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mzima, na juu ya hilo hapana budi kusimama imara. Kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, aliuawa zamani kwa kuaminiwa kuwa ataleta balaa, na mila hiyo ilikufa bila ya yeyote kuililia. Binti anayekeketwa naye hakuulizwa, na ndiyo maana sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa huru ya wanaooana na haiifanyi mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa, lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, jambo ambalo Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Mzazi anayemtolea binti yake idhini ya kuolewa akiwa na umri wa kidato cha pili amemwamulia maisha, na kuiita mila hakupunguzi ukweli huo.

Wanawake wa Upareni, kwa vyovyote, hawakungoja mahakama. Maelfu ya wanaume walipoteremka Same mwaka 1945 kupinga kodi mpya, katika harakati iliyojulikana kama Mbiru, na mgogoro ukarefuka, wanawake wa Usangi waliandamana mwaka 1946 mbele ya wakubwa wa serikali kudai suala hilo limalizwe na waume zao warudi nyumbani, ingawa baraza lilikuwa mahali pa wanaume.

Lipo jambo moja ambalo watetezi wa hiari hulisahau, nalo ni kwamba mtu hawezi kuchagua kile ambacho kimekwisha kuondolewa. Wakhanty, watu wa Siberia ya Magharibi nchini Urusi wanaoishi kando ya mto Ob kwa uvuvi, uwindaji na ufugaji wa kulungu wa Aktiki, walishuhudia watoto wao wakipelekwa shule za bweni katika enzi ya Kisovieti, kisha tangu miaka ya 1960 visima vya mafuta vikaingia katika malisho na maeneo yao matakatifu, na kijana wa Kikhanty aliyepokonywa malisho hawezi kuambiwa kwamba amechagua kuishi mjini. Mpungi nao uko hivyo, kwa kuwa anayeukata leo ili auze mbao au aongeze shamba hajiamulii peke yake, bali anawaamulia wajukuu ambao pengine wangependa kuutunza, ama kwa ajili ya mizimu, ama kwa ajili ya chemchemi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kukikabidhi kikundi cha wanakijiji usimamizi, nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, kwa hiyo kikao cha ukoo kinachoketi kuamua hatima ya mpungi hakina tena sababu ya kuwaacha nje mabinti waliozaliwa katika ukoo huo, wala waliobatizwa, wala waliosilimu. Koo nyingi zina wasomi Moshi na Dar es Salaam wanaoweza kuiandikia halmashauri ya kijiji barua ya kuomba mpungi utengwe kuwa hifadhi, na barua hiyo inapaswa kufika kabla ya msumeno.