Kiarabu cha Ibra na Nizwa: tuanze na koo

Mmeniomba niseme juu ya kujifunza Kiarabu, na nalijua lililo nyuma ya ombi hilo. Jina lako ni la Kiharthi au la Kibaruani, asili ya babu yako ni hapa hapa Ibra, halafu mwenye duka anakuuliza jambo dogo nawe unabaki kutabasamu. "Wewe Mwarabu gani, hujui Kiarabu?" Waliorudi kutoka Unguja baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko nje, waliulizwa hivyo hivyo.

Maneno mengi unayo tayari. Kazi iko kwenye sauti, kwa sababu Kiswahili kimeyalainisha. Chukua habari, hali na hewa. Sisi zote tunazitamka kwa h moja, lakini Mwarabu ana tatu: kha ya khabar, inayokwaruza, ha ya hali, inayotoka ndani ya koo kama unapopulizia kioo cha miwani ili ukifute, na he ya hewa, nyepesi kama pumzi. Saba na tisa nazo zilipofika kwetu ziliacha aini njiani.

Waliosoma chuoni wana akiba kubwa. Maalimu alikurudisha mara ngapi kwenye Alfatiha mpaka aini ikakaa sawa? Sura fupi ile ina aini, qafu, swadi, twa, dhwadi, ha na he. Koo lile lile la kusalia lipeleke dukani, hakuna dhambi. (Na tushukuru hatukuhamia Thailand: huko herufi za konsonanti ni 44, na kila silabi ina toni yake katika tano. Kiarabu kina herufi 28 tu.)

Je, kuna haja? Qalbi ni moyo wangu, kalbi ni mbwa wangu. Tini ni matunda, twini ni udongo. Sayf ni upanga, swayf ni msimu wa joto. Urefu nao una maana: hamaam ni njiwa, hammaam ni choo, na mgeni anayeuliza njiwa wako wapi huchekwa kidogo kabla ya kuoneshwa mlango. Sisi tumezoea kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho katika kila neno, kwa hiyo sikiliza kwanza Mwarabu anavuta wapi.

Sasa sauti ya g, maana hapa wengi huchanganyikiwa. Nizwa na miji ya Dakhiliyah, jimu husemwa g: jabal huwa gabal, falaj huwa falag. Qafu yao wanaitamka barabara, qahwa. Ukienda upande wa mchanga wa Sharqiyah, Bedui atakukaribisha gahwa. G yake ni qafu. Basi ukisikia g, mtazame anayesema ni mtu wa wapi, ndipo utajua ni herufi gani. Vitabu vya skuli havikufundishi hili, na mtoto wako atalijua kabla yako.

Hapo kwa mtoto nataka kusema wazi. Mtoto huokota lugha haraka, nasi tunamfanya mdomo wetu. Tunamtoa darasani atufuate kituo cha afya. Mama ana maradhi ya kike, na mwanawe wa miaka kumi ndiye amfasirie kwa daktari. Mama anaona haya, anataja nusu. Mtoto naye anaona haya, anafasiri nusu ya hiyo nusu. Daktari anaandika dawa ya robo ya ugonjwa. Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa kuliko kuchekwa dukani. Jifunze kwanza viungo vya mwili, siku, hesabu za dawa na neno la maumivu yako mwenyewe. Mwombe jirani ayaseme polepole, uyarekodi kwenye simu, uyarudie jikoni.

Kiswahili msikiache nyumbani. Mtoto anaweza kubeba zote mbili.

Kina mama, Ibra kuna suku ya wanawake kila Jumatano: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na hakuna mwanamume wa kukucheka. Nendeni wawili wawili. Ulizeni bei ya kitambaa, muulize tena hata kama mmeisikia, na watoto waacheni skuli.