Maneno Juu ya Kupanda Mkrismasi



Tumeombwa tuseme nanyi habari za miti ya maua, nasi tumechagua mmoja tu, mkrismasi, kwa kuwa ndio upendwao kuliko yote, tena ndio upandwao vibaya kuliko yote.

Mti huu si wa asili ya nchi yetu. Kwao ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Kwetu huchanua wakati wa joto, mwezi wa Novemba na Desemba, ndipo ukapewa jina la sikukuu. Ua lake lina petali 5: 4 ni nyekundu, na 1 husimama peke yake, nyeupe yenye madoa mekundu. Mtu autazamapo siku hizo husahau kwamba una mizizi.

Mizizi hiyo ndiyo iliyotuleta hapa leo. Haishuki sana, bali hutambaa karibu na uso wa ardhi ikaenda mbali. Sisi wenyewe tulikosa. Tulipanda mche hatua 4 tu kutoka nyumba ya mama yetu, tukitaka apate kivuli upesi. Kivuli alikipata, akawa akikaa hapo kila siku kupeta mchele na kuzungumza na jirani zake. Mwaka wa 9 sakafu iliinuka, na ukuta alioujenga marehemu baba ukapasuka toka msingi hata dirishani. Tulipomwambia mama ya kuwa mti hauna budi kukatwa, alinyamaza siku 2, kisha akasema, "Mwanangu, ulipoupanda hukuniuliza, leo waniuliza nini?" Hatukuwa na jibu. Tuliukata.

Basi, atakaye kuupanda na apime hatua 15 kutoka nyumba, kisima au birika la maji. Tena asiuweke shambani, maana chini yake mazao hayastawi, wala mahali pa upepo mkali, kwani matawi yake huvunjika upesi. Apendaye ua jekundu karibu na mlango na apande mkomamanga. Huo ni mdogo, na matunda atakula.

Mbegu zake ni ngumu kama kokoto. Chemsha maji, uyaepue, utie mbegu humo, uziache mpaka kesho yake. Zilizovimba uzipande, zisizovimba uzirudie. Mche ukifika urefu wa futi 1, uuhamishe mvua zianzapo, uuzungushie miiba mbuzi wasiule, na kiangazi cha kwanza uumwagilie maji. Maua usiyatazamie upesi: mti uliotoka katika mbegu huweza kukaa miaka 5 au zaidi bila ua hata moja.

Wa pili tumekwisha kuupanda, ng'ambo ya njia, mahali alipotuonyesha mama mwenyewe. Mbegu za ule wa kwanza tungali nazo kopo zima. Azitakaye na atuone baada ya mazungumzo haya.